Furushi la Mkojo

Nyumbani kwetu, damu ilipimwa kwa kidole gumba. Bibi alikuvuta kope ya chini, akachungulia, akatoa hukumu: "Huna damu wewe." Dawa ilikuwa mchicha, maini na juisi ya rozela. Wengi walipona. Lakini kuna mgonjwa ambaye hata shamba zima la mchicha lisingemtosha: yule ambaye figo zake zimechoka.

Mwaka 1836, daktari Richard Bright wa London aliandika kwamba wagonjwa wake wa figo walipauka. Sababu hakuijua. Figo huchuja taka. Damu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Vinahusiana vipi?

Jibu lilipatikana Chicago mwaka 1957. Leon Jacobson na wenzake waliwaondoa panya figo, kisha wakawapunguza damu. Panya mwenye figo akipungukiwa damu, mwili wake hutoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze seli nyekundu. Hawa wasio na figo hawakuitoa. Kumbe figo ndiyo hutuma ujumbe.

Mmoja wao, Eugene Goldwasser, alitaka kuipata homoni yenyewe ikiwa safi. Alihangaika miaka mingi na damu ya kondoo. Mwaka 1975 Takaji Miyake alimfikia kutoka Japani na furushi la mkojo uliokaushwa, uliotokana na lita 2,550 za wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kazi. Figo zao ziliita bila kuitikiwa, na homoni ikafurika hadi mkojoni. Kufikia 1977 walikuwa wamepata takribani miligramu 8. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha ile iliyotengenezwa maabara, na wagonjwa wengi waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara wakapumua.

Leo kreatinini ikiwa juu na damu ikiwa chini, ni rahisi daktari kusema "ni figo tu" na kufunga faili. Lakini mgonjwa wa figo naye huweza kuvuja damu tumboni, kuugua malaria, au kuishiwa madini ya chuma. Ukimchoma sindano ya homoni bila kupima chuma, ni sawa na kumwita fundi asiye na matofali.

Bibi hakukosea kutazama kope, wala Bright hakukosea kuona weupe. Kosa ni kuishia hapo.