Farasi na Punda Walioumia Ukano wa Mguu: Kuacha Kuchechemea Si Kupona

Katika Mkoa wa Kilimanjaro, punda ni mhimili wa shughuli za kaya nyingi, hususan katika ukanda wa tambarare ulio chini ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Hubeba maji, kuni, mazao ya shambani na bidhaa za sokoni. Farasi ni wachache, na baadhi yao hutumika katika utalii wa kupanda farasi upande wa magharibi wa mlima. Wanyama hawa ni wa jamii moja na miguu yao imeumbwa kwa namna moja. Kwa sababu hiyo jeraha la ukano huwapata wote, na matunzo yake hufanana kwa sehemu kubwa.

Jeraha hili huwapotosha wamiliki wengi kwa kuwa maumivu huisha ndani ya siku au wiki chache, ilhali ukano wenyewe huhitaji miezi 9 hadi 12, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kuhimili kazi ya kawaida. Mnyama anayerudishwa kazini kwa sababu tu ameacha kuchechemea yumo katika hatari kubwa ya kuumia tena mahali palepale, na pengine asifae tena kwa kazi. Makala haya yanaeleza namna ya kulitambua jeraha hili, huduma ya kwanza, na utaratibu wa kumrejesha mnyama kazini.

Ukano na kazi yake

Ukano ni mkanda mgumu wa nyuzinyuzi unaounganisha msuli na mfupa. Kuanzia goti la mguu wa mbele kushuka chini, farasi na punda hawana misuli mikubwa. Mguu huendeshwa na kano ndefu zinazopita nyuma ya mfupa wa muundi hadi karibu na kwato. Ukano ulio karibu zaidi na ngozi ndio unaoumia mara nyingi.

Kano hupata damu kidogo, na hivyo hupona polepole. Siku za mwanzo huwa na uvimbe na joto. Baada ya hapo mwili hujenga nyuzi mpya ambazo mwanzoni ni dhaifu na zimekaa bila mpangilio. Nyuzi hizo hukomaa na kujipanga kufuata mwelekeo wa mguu kwa kipindi cha miezi mingi. Kovu linalobaki halina unyumbufu wa ukano wa awali, na ndiyo maana mguu uliowahi kuumia unahitaji uangalizi wa kudumu.

Visababishi

Visababishi vikuu ni mzigo unaozidi uwezo wa mnyama, kazi ya muda mrefu bila mapumziko, na kutembea kwenye matope, mawe au miteremko mikali. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia nyingi za milimani huteleza na hatari huongezeka.

Kwato zilizoachwa zikarefuka mbele huongeza mvuto kwenye kano kila mnyama anapokanyaga. Kamba inayofungwa miguuni, kugongwa, na kukatwa na panga au waya pia husababisha majeraha.

Dalili

Mmiliki anashauriwa kupitisha kiganja nyuma ya muundi wa kila mguu na kulinganisha mguu mmoja na mwenzake. Dalili za kuangalia ni joto lisilo la kawaida, uvimbe, maumivu anapobonyezwa na kuchechemea. Mguu ukitazamwa kwa upande, sehemu ya nyuma ya muundi ambayo kwa kawaida imenyooka huonekana imetuna kama upinde.

Punda huvumilia maumivu bila kuyaonyesha. Punda anayechechemea kidogo anaweza kuwa ameumia sana, na kupungua kwa hamu ya kula au kusimama kwa unyonge ni dalili zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito.

Hali zifuatazo ni za dharura: kiungo kilicho juu ya kwato kushuka kuelekea ardhini mnyama anapokanyaga, ncha ya ukwato kuinuka juu, mnyama kushindwa kabisa kukanyaga, na jeraha lililo wazi karibu na ukano. Jeraha la wazi huweza pia kuingiza vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaowashambulia kwa urahisi farasi na punda. Daktari wa mifugo aulizwe kuhusu kinga yake.

Huduma ya kwanza katika saa 72

1. Msimamishe mnyama kazi papo hapo. Mshushe mzigo au mfungue mkokoteni, na usimtembeze umbali mrefu kurudi nyumbani iwapo kuna njia nyingine.

2. Upoze mguu kwa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaweza kutumia maji ya mifereji ya asili, maarufu kama mfongo, kwa kuyachota na kumwagilia mguu au kuusimamisha ndani ya ndoo pana. Barafu isigusane moja kwa moja na ngozi. Iviringishwe kwanza katika kitambaa.

3. Baada ya kuupoza, kausha mguu na uufunge. Tanguliza pamba nene au kitambaa laini kisicho na mikunjo, kisha zungushia bendeji kwa mkazo ulio sawa kuanzia juu ya kwato hadi chini ya goti. Bendeji ifunguliwe na kufungwa upya kila siku. Bendeji iliyokazwa mno au kufungwa bila pamba huumiza ukano uleule unaokusudiwa kulindwa.

4. Kagua mguu wa pili, kwa kuwa ndio unaobeba uzito wa ziada. Daktari anaweza kuelekeza nao ufungwe.

5. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo mapema iwezekanavyo.

Tiba na mambo ya kuepuka

Dawa za kupunguza maumivu na uvimbe zitolewe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo pekee. Mwili wa punda huziondoa baadhi ya dawa hizo kwa kasi kuliko mwili wa farasi, hivyo kipimo cha farasi hakipaswi kukisiwa kwa punda. Dawa za binadamu zisitumike. Aidha, nafuu inayoletwa na dawa isichukuliwe kuwa ruhusa ya kumpakia mnyama mzigo.

Penye uwezekano, uchunguzi wa altrasaundi, kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti, huonyesha ukubwa wa jeraha na maendeleo ya kupona. Kipimo cha kwanza hufaa zaidi baada ya siku 7 hadi 14, kwa kuwa jeraha huweza kupanuka katika siku za mwanzo.

Kuuchoma mguu kwa chuma cha moto, au kuupaka mafuta ya taa na vitu vinavyounguza ngozi, hakuponyi ukano. Uchomaji ulitumika pia Ulaya kwa karne nyingi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1983 ulionyesha kuwa hauharakishi kupona. Huongeza maumivu na kidonda kipya.

Ratiba ya mapumziko na mazoezi

Mapumziko yafuate kalenda na ushauri wa daktari, si mwonekano wa mwendo. Ratiba ifuatayo ni ya jumla kwa jeraha la wastani. Daktari anaweza kuirefusha.

Wiki 2 za kwanza: mnyama abaki katika banda au zizi dogo lenye sakafu kavu isiyoteleza.

Wiki ya 3 hadi mwisho wa mwezi wa 3: aongozwe kwa kamba kutembea dakika 5 hadi 10 kwa siku kwenye ardhi tambarare na ngumu, na muda uongezwe kidogo kidogo kila wiki hadi kufikia dakika 30 au 40. Matembezi haya husaidia nyuzi mpya kujipanga vizuri.

Mwezi wa 4 hadi wa 6: matembezi marefu zaidi bila mzigo. Farasi anaweza kuanzishiwa mwendo wa mchapuko kwa muda mfupi, daktari akiridhia.

Mwezi wa 7 hadi wa 9: kazi nyepesi kwa umbali mfupi.

Mwezi wa 9 hadi wa 12: kurejea kazini hatua kwa hatua.

Joto au uvimbe ukirejea katika hatua yoyote, mnyama apumzishwe na kurudishwa hatua ya nyuma. Asiachiwe huru kukimbia malishoni kabla ya wakati.

Lishe na makazi

Mnyama aliyepumzishwa apunguziwe pumba na nafaka, kwani unene huongeza uzito kwenye mguu na huweza kuleta maradhi ya kwato. Apewe majani makavu na maji safi wakati wote.

Punda huishi kwa kushikamana na mwenzake. Anapotengwa huweza kususa chakula, na kususa huko huweza kusababisha mafuta kuzidi katika damu, hali inayoweza kumuua. Inashauriwa mwenzake awekwe karibu, mahali anapoweza kumwona.

Kinga na wajibu wa mmiliki

Ndoo au dumu la lita 20 za maji lina uzito wa takribani kilo 20. Punda mwenye uzito wa kilo 150 anapobebeshwa madumu manne amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake. Wamiliki wanashauriwa kupunguza mzigo, kumpa mnyama siku za kupumzika, kupunguza kwato kila baada ya wiki 6 hadi 10, na kukagua miguu kila jioni.

Kwa kaya inayotegemea punda mmoja, miezi 9 bila kazi ni mzigo mzito. Kupanga zamu na jirani, kukodi mnyama au mkokoteni kwa siku za soko, na kupunguza safari za maji ni hatua zenye gharama. Hata hivyo, gharama hizo ni za muda, ilhali punda aliyekatika ukano kabisa huenda asirudi tena barabarani.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki kumkinga mnyama dhidi ya maumivu, majeraha na mateso. Kumfanyisha kazi mnyama aliyeumia ni kinyume na wajibu huo.

Wananchi wanaohitaji ushauri wafike kwa afisa mifugo wa kata, au katika idara inayoshughulikia mifugo ya halmashauri zao: Manispaa ya Moshi, na Halmashauri za Wilaya za Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Mmiliki aende na kumbukumbu ya tarehe mnyama alipoumia, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo mwanzo wa kuhesabu miezi ya mapumziko.