Herufi Zilizokosa Kitufe Mbeya na Iringa

Mwaka 2003 shirika la SIL lilianza mradi mmoja wa lugha katika mikoa ya Mbeya na Iringa, wakati Njombe na Songwe hazijawa mikoa. Lugha zilikuwa 10: Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha, Kimalila, Kisafwa, Kisangu, Kibungu, Kibena, Kikinga na Kivwanji. Lengo lilikuwa kutafsiri Biblia, lakini tafsiri haiendi bila tahajia, na tahajia nayo ilihitaji kibodi.

Anayeandika Kiswahili haioni taabu hiyo, kwa kuwa irabu zake tano zote zimo kwenye kibodi ya Kiingereza. Kinyakyusa na Kimalila zina irabu saba. Mbili za ziada zikaandikwa kwa i na u zilizokatwa kwa kistari: ɨ na ʉ. Herufi hizo mbili hazina kitufe kwenye kibodi hiyo.

Zamani mafundi wa kompyuta walizoea kutengeneza fonti za pekee, wakiondoa alama isiyotumika sana na kuweka herufi wanayoitaka mahali pake. Maandishi yalipofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, alama ya zamani ilirudi na neno likaharibika.

Njia imara zaidi ilikuwa kubadili kazi ya vitufe vyenyewe. Programu ya Keyman, aliyoianza Marc Durdin mwaka 1993 kwa ajili ya lugha ya Kilao, hupokea kila kitufe kinachobonyezwa kabla hakijaifikia programu ya kuandikia. Mtunga kibodi huiwekea kanuni: mathalani, alama fulani ikifuatwa na u, itoke ʉ.

Hata hivyo, kanuni haiwezi kutoa herufi ambayo haijasajiliwa. Ɨ kubwa ilikuwamo katika orodha ya kimataifa ya Unicode tangu miaka ya 1990, ila Ʉ kubwa iliingia mwaka 2006 tu, katika toleo la 5.0. Kabla ya hapo, sentensi inayoanza kwa ʉ haikuwa na herufi kubwa inayotambulika kila mahali.

Lugha ambayo herufi zake hutafutwa kwa shida huandikwa na wataalamu wachache. Zikikaa vidoleni, mwalimu, mchungaji na mwanafunzi nao huiandika. Kwa hiyo kanuni hizo fupi za vitufe zinastahili nafasi yake katika historia ya maandishi ya Nyanda za Juu Kusini, sambamba na vitabu vilivyochapwa kwa msaada wake.