Kutoka Makumbusho mpaka Kariakoo

Wengi wetu tulifika Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert mara moja tu, tukiwa na sare za shule. Tukaonyeshwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, basi, tukarudi nyumbani. Jumamosi nimekwenda tena, safari hii kwa hiari yangu. Fuvu nimelisalimia, ila kilichonishughulisha zaidi ni jengo lenyewe. Lile la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mfalme kafa Sandringham mwaka 1936, kajengewa jumba Dar es Salaam!

Na waliokufa katika vita vyake hapa kwetu je?

Nikashika njia ya Samora mpaka Sanamu la Askari. Lilisimamishwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani waliweka la gavana wao, Wissmann. Ni askari mmoja na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, lakini sura hawana. Nairobi angalau mpagazi kapewa sanamu yake kando ya askari.

Sasa ndugu msomaji, vita ile ya 1914 mpaka 1918 upande wetu huu ilibebwa kichwani, na hapa sitii chumvi. Ndorobo waliua farasi na ng'ombe, barabara hakuna, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilipanda juu ya kichwa cha mtu. Waingereza walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni 1, wengi kwa nguvu. Waliokufa upande wao tu wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Risasi haikuua wengi kama kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao walikamata wa kwao, na hesabu ya maana hawakuweka.

Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka kama mtu asiyejua Kiingereza: ka-ria-koo. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, kambi ya wapagazi ikawekwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, kwenye uwanja ambao Wajerumani walishaujengea soko. Vita ikaisha, soko likarudi, jina likabaki. Jengo tulilolizoea, la msanifu wetu Beda Amuli, lilizinduliwa mwaka 1975, na Julai 2021 likaungua.

Mtaa wa Kongo nilimuuliza kijana muuza viatu maana ya Kariakoo.

“Si jina tu, braza?”

Nikamweleza, huku tukipisha mikokoteni. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema babu wa babu yake, mtu wa Mahenge, alichukuliwa kwenye vita ya wazungu na hakurudi. Jina lake halijui, ila shangazi yake mmoja huko kijijini huenda analijua. Nimemwachia namba yangu ya simu.