Gharama ya kusoma faili

Chaguo-msingi la kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, huamuliwa na wachache, kisha huwatawala mamilioni wasiojua hata kwamba lipo. Kwa hiyo naona Linux ilichelewa kufanya ilichofanya mwaka 2009. Tangu enzi za Unix, faili ikisomwa tu, mfumo uliandika diskini rekodi ya wakati wa kusomwa kwake. Kusoma kukawa kunazaa kuandika, kama karani anayejaza daftari kila mtu anapochungulia kabati. Mwaka 2007 Ingo Molnar, mmoja wa wasanidi wa kerneli ya Linux, aliukosoa utaratibu huo waziwazi kwa kupunguza kasi ya mashine. Ndipo mwaka 2009 toleo 2.6.30 la kerneli hiyo likaweka relatime kuwa chaguo-msingi: wakati wa kusomwa huandikwa upya iwapo tu faili imebadilishwa tangu rekodi ya mwisho, au rekodi hiyo imepitisha saa 24.

Wapinzani wa badiliko hilo walikuwa na hoja. Kanuni za POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, zilidai rekodi hiyo, na programu za barua pepe kama Mutt ziliitegemea kutambua barua mpya. Mwenye kutaka kasi angeweza kuweka mwenyewe noatime, chaguo linalozima rekodi hiyo. Lakini ni nani aliyeijua noatime, kama si mafundi wasiohitaji kusaidiwa? Isitoshe, relatime haikuivuruga Mutt, na anayetaka utaratibu wa kale bado anayo strictatime.