Plagi na Suala la Joto

Étienne Lenoir alipopata hataza ya injini yake ya gesi mjini Paris mwaka 1860, tayari alitumia plagi, yaani kifaa kinachoingiza umeme ndani ya silinda na kuulazimisha uruke mwanya mdogo kama cheche. Lakini kwa kuwa umeme wa kutegemewa ulikuwa adimu, Gottlieb Daimler baadaye alipendelea kuwasha injini zake kwa kibomba kilichopashwa moto kwa nje. Plagi ilipata nafasi yake hasa mwaka 1902, Gottlob Honold wa kampuni ya Robert Bosch alipoioanisha na magneto ya volteji kubwa, mashine inayozalisha umeme kwa nguvu ya sumaku.

Tangu hapo lililosumbua zaidi lilikuwa joto. Ncha ya plagi ikibaki chini ya nyuzijoto 400 hivi za Selsiasi, masizi hayaungui, na kwa kuwa masizi hupitisha umeme, volteji huvujia kwenye bodi ya injini kabla ya kuruka mwanya. Ikizidi nyuzijoto 900 hivi, ncha yenyewe huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya wakati, hata pistoni ikatoboka. Kwa hiyo watengenezaji walianza kupanga plagi kwa uwezo wake wa kupoteza joto: ile yenye pua ndefu ya kauri, ambayo joto lake hutoka polepole, huitwa ya moto na hufaa injini ya mwendo wa taratibu, ilhali yenye pua fupi huitwa ya baridi na hufaa injini ya mashindano. Majina hayo, ingawa hupotosha wengi, hayahusu ukali wa cheche hata kidogo.

Mfumo wa betri na koili (waya uliosokotwa wa kukuza volteji), ambao Charles Kettering aliuingiza katika Cadillac ya mwaka 1910, ulileta sharti jingine. Injini inapokwenda kasi, muda wa koili kujaa umeme kati ya cheche moja na nyingine hupungua, na volteji hushuka. Ndiyo sababu mwanya ulibanwa kwa miongo mingi, hadi uwashaji wa kielektroniki ulipoenea katika miaka ya 1970 na kuruhusu mwanya mpana zaidi. Gari la kale likifungwa plagi za mwanya huo mpana, hukosa cheche linapokwea mlima kwa mzigo, ijapokuwa koili yake ni nzima.