Soseji Isiyo na Nyama

Ukisikia watu wakiongea kuhusu burger za mimea, utadhani wazo lenyewe lilizaliwa juzi California. Lakini nipeleke kwanza Cologne, Ujerumani, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia za baharini, na mavuno ya viazi ya 1916 yalifeli. Baridi iliyofuata, watu wa mjini walikula mizizi ambayo kawaida ilikuwa chakula cha mifugo. Cologne ilikuwa na afisa anayeitwa Konrad Adenauer, ambaye alikuja kuwa meya 1917. Kazi ngumu aliyokuwa nayo ni kulisha mji. Akabuni soseji yenye unga wa soya badala ya nyama.

Alipoomba hataza nyumbani, alinyimwa. Sheria za Ujerumani zilisema soseji lazima iwe na nyama. Yaani watu wanakonda barabarani, na kuna karani ofisini anatetea heshima ya soseji! Waliompa hataza ni Waingereza, maadui wenyewe, tarehe 26 Juni 1918, vita bado vinaendelea. Mwaka wa 1949 bwana huyo akawa chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. Soseji yake ni wachache wanaoikumbuka.

Vile vipande vikavu vya soya tunavyovijua sisi vilikuja baadaye, miaka ya 1960, kupitia kampuni ya Marekani ya Archer Daniels Midland. Soya ikishakamuliwa mafuta, unga unaobaki unasukumwa kwenye mashine yenye joto na presha, unatoka umefura kama sponji.

Kabla niache chuo, tulivipika sana hosteli, na nyanya na kitunguu kingi. Hakuna aliyeuliza protini. Swali lilikuwa, mama akipiga simu, utamwambia umekula nini? Mwenzangu mmoja alikuwa anajibu "nyama", na hakuna aliyemrekebisha.

Kwa hesabu, hakudanganya sana. Karibu nusu ya uzito wa soya hiyo kavu ni protini. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa ni kama robo. Ila ukishailoweka inafyonza maji, na faida hiyo inayeyuka. Pia soya haina vitamini B12 isipoongezwa kiwandani, na madini ya chuma ya nyama huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Utamu sitaki kubishana: nyama inashinda.

Mwaka wa 2018, jimbo la Missouri, Marekani, lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa ambazo hazikutoka kwa mifugo au kuku kuuzwa kama nyama. Wafugaji waliiunga mkono. Safari hii hakukuwa na njaa. Duka la mtaani kwetu pakiti ya soya hukaa karibu na maharagwe, na wateja bado wanaagiza "nyama ya soya".