Kipenyo cha Kifuani: Kutetea Silabi Moja

Anayesoma maandishi ya Kiswahili kuhusu upimaji wa miti hukutana na istilahi mbili zilizostahili kuachwa zamani: kipenyo cha kifua, na nduguye mrefu zaidi, kipenyo katika urefu wa kifua. Zote mbili zinakusudia kipimo ambacho kila mpima miti anakijua, cha shina mita 1.3 kutoka ardhini. Ya kwanza haina habari ya mti hata kidogo. Kipenyo cha sufuria ni cha sufuria, na kipenyo cha kifua, kwa sarufi hiyohiyo, ni cha kifua. Ya pili imeongeza kosa juu ya kosa, kwa kuwa urefu wa kifua ni jinsi kifua kilivyo kirefu, wala si umbali wa kutoka unyayoni kukifikia. Waliozitunga walilifuata neno la kigeni sehemu kwa sehemu, wakaisahau sarufi ya lugha waliyokuwa wakiitumikia. Istilahi ninayoitetea ni kipenyo cha kifuani, na kwa mkato kifuani peke yake: mpingo wa sentimita 30 kifuani.

Kipenyo chenyewe hakina ila. Kimetokana na -penya, nacho hutaja mstari unaoingia upande mmoja wa duara, ukapita katikati na kutokea upande wa pili. Kifua nacho ni Kibantu halisi. Waganda husema ekifuba, sisi tumeiacha ile b njiani. Ila nguvu ya istilahi hii imo katika -ni. Mwaka 1994 wanaisimu Ridder Samsom na Thilo Schadeberg walitoa hoja kwamba asili ya kiambishi hiki cha mahali ni ini, kiungo cha mwili. Hoja hiyo ikikubaliwa, ndani ya kifuani mna viungo viwili vya mwili, na Kiswahili kilikuwa kikionyesha mahali kwa kutumia mwili kabla ya kamati yoyote kuketi. Vipimo vyetu vya kale vinakubaliana na jambo hilo. Wanda ni upana wa kidole, shubiri ni kiganja kilichotanuliwa, dhiraa ni mkono, na pima, mikono miwili iliyonyooshwa, imeshirikiana shina na kitenzi chenyewe cha kupima. Mvuvi wa Kilwa Kivinje anayeshuka chomboni maji yakiwa yanakupwa husema yamefika kifuani, kisha kiunoni, kisha magotini. Silabi moja humtosha kutaja kina, na hakuna anayemwomba aongeze neno urefu. Lugha iliyoweza kupima bahari hivyo haishindwi na shina la mti.

Wapo wanaopinga kwamba vifua vya watu havilingani. Ni kweli, lakini fasili ndiyo iliyokwisha kuweka mita 1.3, na jina halina kazi ya kurudia fasili. Wengine hudai kwamba cha kifuani ni muundo mgeni. Hao wajiulize samaki wa baharini, wanyama wa porini na mambo ya nyumbani yametoka wapi. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: kwamba watu wa Kilwa na Lindi husema unene wa mti, basi unene utoshe. Neno hilo nalipenda, lakini haliamui kama kilichopimwa ni kipenyo au mzingo, na hapo ndipo hasara inapoingia. Chukua sentimita 24, kima ambacho kimetumika Tanzania kuwa cha chini cha kuvuna mpingo. Mti wa kipenyo hicho una mzingo wa sentimita 75 hivi. Anayezungusha utepe wa kawaida akapata 24, akaamini mti umefikia kima, amesimama mbele ya mche wa kipenyo kisichofika sentimita 8. Mpingo hukua polepole mno, na kiini chake cheusi kinachotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya huhitaji miongo ya miaka kunenepa. Kosa hilo halirekebishwi katika umri wa aliyelifanya.

Kilwa ina haki ya kusikilizwa katika jambo hili. Mwaka 2009, kupitia shirika la uhifadhi wa mpingo ambalo sasa hujulikana kama MCDI, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji. Uvunaji wa namna hiyo husimama juu ya hesabu ya miti kwa ukubwa wake, na hesabu hiyo hufanywa na wanakijiji wenyewe wakiwa na utepe mkononi. Istilahi isiyoeleweka kwao ina kasoro hata ikipambwa kwa muhuri gani.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema: kwenye mteremko pima ukiwa upande wa juu, na shina likigawanyika chini ya mita 1.3, kila sehemu yake ihesabiwe kama shina peke yake.

Nawaomba waandishi wa miongozo, walimu wa misitu na wahariri wa kamusi wairudishe silabi waliyoiondoa. Andikeni kipenyo cha kifuani.